Dereva wa Mzee

Simu ililia mshonaji akiwa katikati ya pindo la gauni, mguu ukiwa kwenye pedali ya cherehani. Mumewe alikuwa bafuni, anaimba. Akaipokea yeye.

"Habari za asubuhi, mama. Napiga kutoka duka la magari. Gari la mzee liko tayari, aje Alhamisi kulichukua. Halafu naomba umwambie dereva wake kwamba yale matairi aliyochagua yamepatikana, yote manne."

"Dereva gani?"

"Dereva wa mzee."

Mshonaji akacheka. Mumewe alikuwa amewaendesha watu wakubwa miaka thelathini na mmoja, mtaa mzima ukamsahau jina na kumwita Usukani. Sasa amestaafu, wameuza kiwanja chao cha akiba, na kwa mara ya kwanza maishani amenunua gari lake mwenyewe: sedani mpya yenye injini kubwa, ya kukodisha kwa maharusi na wageni wa heshima. Na angeiendesha yeye.

"Basi unamsema mzee mwenyewe, mwanangu. Humu ndani dereva ni yeye."

"Hapana, mama." Sauti ya muuzaji ilikuwa na adabu na haikuwa na haraka. "Mzee namfahamu, ndiye aliyekuja kulipa. Dereva ni mtu mwingine. Amekuja mara tatu. Ila wamefanana hao, si mchezo! Nikamuuliza kama ni ndugu, akasema hapana, yeye ni mwajiriwa tu."

Bafuni wimbo ulikatika. Mshonaji aliaga, akaweka simu juu ya kitambaa, na kwa muda hakukumbuka alikuwa anashona nini.

Usukani alipotoka, taulo begani, mkewe alimsimulia. Alidhani atacheka. Badala yake mzee alikaa kitandani taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna msiba.

"Mimi sijachagua matairi," alisema. "Matairi nitayachagua kwa mkono wangu, nikiyaona. Kuna mtu anataka kunidhulumu gari, mke wangu."

"Labda kijana amechanganya wateja."

"Amechanganya mara tatu?" Alimtazama mkewe moja kwa moja. "Mtu anakwenda pale anasema ananifanyia kazi mimi. Mimi! Niliyewahi kumwajiri ni nani?"

Siku tatu zilizofuata hakwenda matembezi yake. Tangu astaafu alikuwa akitoka saa nne asubuhi na kurudi saa nane, na akiulizwa alisema alikuwa anapiga soga na wastaafu wenzake. Sasa alishinda sebuleni, akichungulia dirishani kila gari likipita. Mara mbili mshonaji alimkuta amesimama nyuma ya pazia bila kutikisika.

"Unatafuta nini, baba watoto?"

"Namsubiri aje. Akishajua duka atajua na nyumba."

Mshonaji alirudi kwenye cherehani yake. Lakini na yeye, alipokwenda kuanika nguo, aliangalia kushoto na kulia kabla ya kuinama.

*

Duka la magari lilikuwa la kioo kitupu, mbele na pembeni, na sakafu yake iling'aa hata mtu akaogopa kukanyaga. Alhamisi hiyo mbingu ilikuwa ya kijivu na taa zote ndani zilikuwa zimewashwa. Kila aliyepita humo alionekana mara mbili, yeye na kivuli chake kwenye kioo.

Usukani alivaa suti ya harusi ya binti yao. Mshonaji alikuwa ameipunguza kiunoni usiku uliotangulia, maana siku hizi mwili ulikuwa unamkimbia. Waliingia wameshikana mikono. Dada wa mapokezi akainua kichwa, akatabasamu.

"Ee, umependeza leo! Karibu. Madereva bado wanakaa kulekule, kwenye benchi la nje. Chai yako nakuletea sasa hivi, bila sukari, si ndiyo?"

Usukani alitazama nyuma yake, kuona dada anazungumza na nani.

"Mimi ndiye mwenye gari," alisema.

Dada aliangalia suti, akaangalia viatu, akaangalia uso. Tabasamu likamganda. "Samahani sana, mzee. Jamani! Nimekufananisha."

"Na nani?"

"Na dereva wako."

Mshonaji aliona shingo ya mumewe ikikaza. Maneno ya kumkanya yule dada yalikuwa yameshamfika mdomoni, ila kitu kimoja kilimzuia. Mumewe hanywi chai yenye sukari, na ni watu wachache mno duniani wanaolijua hilo.

Muuzaji alikuja mbiombio, kijana wa suti iliyobana na viatu vilivyochongoka. Alimpa mzee mikono miwili, akamwita bosi, akawaketisha kwenye viti vya ngozi. Kisha, kabla ya kukaa, alichungulia mlangoni.

"Dereva hukuja naye leo?"

"Sina dereva," alisema Usukani. "Nataka kuona alichosaini mtu huyo."

Muuzaji alileta jalada. Ndani mlikuwa na fomu tatu za kuchagua matairi, kila moja na tarehe yake, zote za mwezi huohuo. Zilijazwa kwa herufi kubwa zilizonyooka. Upana wa matairi ya mbele, upana wa ya nyuma, aina ya mpira, rimu inchi kumi na tisa. Fomu zote tatu zilisema jambo lilelile. Chini, penye jina la mteja, mtu yule alikuwa ameandika: *kwa niaba ya bosi wangu*. Na penye sahihi palikuwa na sahihi.

Mshonaji aliifahamu sahihi ile kuliko yake mwenyewe. Ilikuwa kwenye cheti chao cha ndoa na kwenye ripoti zote za shule za watoto. Ilikuwa na mkia mrefu unaorudi nyuma na kuikata herufi ya kwanza.

"Ameighushi vizuri," alisema Usukani kwa sauti ndogo. "Huyu mtu si wa kawaida."

"Bosi, kamera tunazo," muuzaji alisema, jasho limeanza kumtoka. "Ukitaka tutaangalia. Hata polisi wakihitajika."

"Tuangalie."

*

Chumba cha kamera kilikuwa chembamba, kina kiti kimoja na skrini moja. Muuzaji alibonyeza, akarudisha siku nyuma, watu wakatembea kinyumenyume mbele ya macho yao mpaka akaipata tarehe. Akasimamisha.

"Huyo hapo, kwenye benchi."

Mwanamume mzee alikuwa ameketi nje kwenye benchi la madereva, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti. Kwa dakika nyingi hakufanya chochote. Halafu akasimama, akajinyoosha shati, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayemkaribisha mkubwa wake. Mbele yake hapakuwa na mtu. Alinyoosha mkono, akafungua mlango ambao haukuwepo, akasubiri, akaufunga. Kisha akaketi tena.

Mshonaji alisogea karibu. Aliuona uso. Lakini uso wa kwenye skrini unaweza kudanganya, na moyo wake ulishaanza kumtafutia mumewe visingizio. Ila kulikuwa na ile sweta. Sweta ya kijivu, na kiwiko cha kushoto kina kiraka cha kahawia alichokitia yeye kwa mkono siku umeme ulipokatika, kwa uzi mwekundu, kwa sababu uzi mwingine hakuuona gizani.

Alimgeukia mumewe. Usukani alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia kugusa skrini. Alimkagua yule mtu kwa muda mrefu, juu mpaka chini, na mshonaji alisubiri ajitambue.

"Mwizi mkubwa huyu," alisema hatimaye. "Hata sweta yangu kaiba."

Muuzaji alimtazama mzee, kisha akaitazama skrini. Akamtazama mama. Midomo yake ilifunguka. Mshonaji akamtolea jicho moja tu, kijana akaifunga.

"Zima," alisema mshonaji. "Tumeona."

"Hatuiti polisi?" aliuliza Usukani.

"Hajachukua kitu, baba watoto. Gari si lipo? Twende ukachague matairi yako."

*

Gari lilikuwa karakana ya nyuma, limeinuliwa juu ya mashine, bila magurudumu. Rangi yake ilikuwa ya mawingu ya mvua. Usukani alipoliona alisahau yote. Alilizunguka mara mbili bila kuligusa, macho yamejaa maji, akicheka peke yake. Mshonaji hakuwa amemwona hivyo tangu alipopakata mtoto wao wa kwanza.

Fundi wa matairi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye ovaroli na mikono iliyoota sugu. Aliwasalimia kwa kifupi, akawapeleka kwenye rafu.

"Kuna haya laini," alisema. "Yanashika lami kama gundi, ila yanaisha upesi. Kuna haya magumu, yanadumu, ila yana kelele na yanaruka kwenye mashimo. Na haya ya katikati."

Usukani alivua koti, akampa mkewe. Akachuchumaa. Alibonyeza mpira kwa kidole gumba, akaunusa, akapitisha kiganja ndani ya mistari yake. Hakuwa tena yule mzee wa nyuma ya pazia. Mikono yake ilikuwa na uhakika.

"Injini hii inasukuma kwa nyuma," alisema. "Kwa hiyo nyuma weka mapana kuliko mbele. Laini sitaki, si gari la mashindano. Magumu sitaki, yatamvunja mtu mgongo. Tairi humchagulii dereva, binti yangu. Unamchagulia anayekaa nyuma. Nipe haya ya katikati, inchi kumi na tisa."

Akaanza kuyakagua manne yale moja moja, akisoma tarakimu ndogo zilizochapwa ubavuni. La tatu alilisukuma pembeni kwa mguu.

"Hili ni kuukuu. Soma hapa, wiki na mwaka. Limekaa ghalani miaka miwili zaidi ya wenzake. Mpira ukizeeka umesimama unapasuka ukianza kukimbia. Lete jingine."

"Nakuletea, mzee," alisema fundi. Lakini hakwenda. Alimsubiri Usukani arudi kulitazama gari, kisha akamsogelea mshonaji, akijifuta mikono kwa kitambaa ambacho tayari kilikuwa cheusi.

"Mama, naomba usinielewe vibaya," alinong'ona. "Tairi hilo amelikataa mara tatu. Lile lile. Na maneno hayohayo, hata hilo la anayekaa nyuma, neno kwa neno. Baada ya mara ya tatu nikaliweka kando. Leo nimelirudisha makusudi, nijue kama ni yule yule."

Mshonaji alilikumbatia koti la mumewe. "Na ukajua?"

"Nilijua tangu anachuchumaa. Mara ya mwisho aliniuliza kama bosi wake ameshatoka kwenye mkutano. Alikaa benchi mpaka mchana, nikaona aibu kumfukuza. Baba yangu pia alianza hivi, mama. Mpeleke kwa daktari mapema, usingoje kama sisi."

Nyuma yao muuzaji alikuwa anamwambia Usukani, kwa sauti ya kulazimisha furaha, kwamba kwa bahati nzuri matairi hayo ndiyo yaleyale aliyochagua yule dereva, hivyo yatafungwa sasa hivi.

Usukani alikuna kidevu. "Yaleyale kabisa?"

"Kabisa, bosi."

"Basi mwizi huyo anaijua kazi," alisema, na kwa namna fulani alionekana kufarijika.

*

Magurudumu yalifungwa, gari likashushwa. Muuzaji alifungua mlango wa dereva na kuanza kueleza vitufe, hakuacha hata kimoja, kama mtu anayeogopa kunyamaza. Kiti kilikuwa na kumbukumbu. Ukibonyeza moja, kinakwenda kwa vipimo vya mtu wa kwanza. Ukibonyeza mbili, kwa vipimo vya mtu wa pili. Wiki iliyopita, alisema, walimwomba dereva apime chake, wakakihifadhi kwenye namba mbili. Leo wakapima cha mzee, akahifadhi kwenye namba moja.

Usukani alibonyeza moja, kiti kikatulia. Akabonyeza mbili. Hakikusogea. Vioo vya pembeni havikusogea. Akabonyeza tena moja, tena mbili, tena moja. Karakana nzima ilisikia kitufe kikilia.

"Kimeharibika," alisema.

"Tutakirekebisha, bosi," alisema muuzaji, akiangalia viatu vyake.

Mshonaji alimvuta kijana yule kando. "Mwanangu, hamna mtu wa kutuendeshea mpaka nyumbani?"

Alidhani amenong'ona. Lakini Usukani alikuwa ameshageuka kitini, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa kofi mbele ya wageni.

"Mke wangu," alisema, "unanitafutia dereva mimi?"

Fundi aliinama kuokota spana. Dada wa mapokezi, aliyekuja na shada la maua ya plastiki la kupiga nalo picha, alisimama nusu ya njia. Mshonaji aliwatazama wote, kisha akamtazama mwanamume ambaye kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kumgonga hata kuku. Alijua lililo sahihi. Ulimi haukuweza.

"Nilikuwa nauliza tu," alisema.

Usukani alishuka, akamfungulia mlango wa nyuma kwa mbwembwe. "Leo unakaa nyuma, kama mke wa waziri." Akacheka, na watu wakacheka naye kwa sababu walitaka sana kucheka.

*

Aliendesha vizuri. Hilo ndilo mshonaji alilolisimulia baadaye kwa daktari na kwa watoto, na kila mara alilirudia: aliendesha vizuri mno. Gari lilikuwa na nguvu za kutisha, ukisikia muungurumo wake chini ya miguu, lakini alilishika kama mtu anayebeba maji yaliyojaa beseni. Barabarani palikuwa na mvua nyembamba. Matairi mapya yalinong'ona kwenye lami.

Kwenye mzunguko wa barabara kuu walipaswa kukunja kulia. Alikwenda moja kwa moja.

"Baba watoto, umepitiliza."

Hakujibu. Alipita majengo ya ofisi, akakunja mara mbili bila kusita, akasimama mbele ya geti refu la chuma. Ndani yake palikuwa na jengo lisilo na madirisha, nyasi zimeota hadi kwenye ngazi. Mshonaji alihitaji muda kulitambua. Ni hapo mumewe alipokuwa anamleta mkurugenzi wake kila asubuhi, kabla kampuni haijafungwa, miaka kumi na minne iliyopita.

Usukani alipiga honi mara mbili, fupi fupi. Akasubiri. Wipa zilikwenda na kurudi. Hakuna aliyekuja kufungua, na kwa kuwa hakuna aliyekuja, akapiga tena.

"Mlinzi kalala," alisema.

Kisha akainua macho kwenye kioo cha juu na kumwona mtu aliyeketi nyuma. Mshonaji aliyaona macho hayo yakimkuta. Yalikuwa macho ya mumewe, na yalikuwa na heshima, na hayakuwa yanamjua.

"Mama, uniwie radhi," alisema kwa ile sauti ya kazini, ambayo hakuwahi kuitumia nyumbani hata siku moja. "Nadhani leo ofisi imefungwa. Sikuambiwa tunaelekea wapi."

Mlango wa upande wa mshonaji haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Angeweza kushuka. Alifikiri kupiga kelele, kumshika bega, kumwambia mimi ni nani na wewe ni nani. Halafu akafikiria mikono ile kwenye usukani, jinsi ilivyotulia, na akaogopa kuwa akiitikisa ndipo itakaposahau na kazi yake.

"Rudi mpaka kwenye mzunguko," alisema. "Halafu kushoto."

"Vyema, mama."

Basi akamwelekeza mumewe nyumba yao. Kushoto hapo. Nyoosha. Pale kwenye duka la dawa, kulia. Yeye alijibu "vyema" kila mara, akawasha taa ya kukunja mapema, akawapisha waenda kwa miguu. Walipopita kwa kinyozi wake wa miaka yote, kinyozi alitoka nje na kushangilia gari kwa mikono miwili. Usukani alimwitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anavyoitikiwa mtu asiyejulikana.

Alisimamisha gari mbele ya mlango, pembeni kabisa, magurudumu yamenyooka. Akashuka kwenye mvua, akazunguka, akamfungulia. Mshonaji alishuka, akanyoosha mkono.

"Ufunguo niachie mimi," alisema.

"Bila shaka, mama. Gari ni lako." Aliuweka kwenye kiganja chake, akarudi nyuma hatua moja. Hakuondoka. Alisugua mikono, akatazama huku na huku barabarani. "Kama hunihitaji tena, naomba ruhusa. Mke wangu huwa hali mpaka nirudi."

Mshonaji aliuliza: "Anakaa wapi, mkeo?"

Usukani alifungua mdomo kujibu. Alitazama upande mmoja wa barabara, akatazama wa pili, na hapo, kwa mara ya kwanza siku nzima, woga ulimwingia usoni.

"Karibu na hapa," alisema. "Si mbali. Ni karibu sana na hapa."

"Twende basi. Nitakusindikiza."

Akamshika mkono, naye akakubali kushikwa, ingawa kwa aibu kidogo. Walivuka uwanja mdogo. Mlangoni alisimama, akafuta viatu vyake kwa makini kwenye gunia, upande huu na upande huu, akauachia mkono wa mshonaji na kuingia akitanguliza kichwa kwenye sebule iliyokuwa na cherehani na gauni lisilo na pindo.

"Mke wangu!" aliita. "Nimerudi."

Alisubiri jibu, shingo ameinyoosha kuelekea jikoni, maji ya mvua yakidondoka kutoka kwenye suti yake. Nyuma yake kizingitini, mshonaji aliufumba ufunguo ndani ya ngumi mpaka ukamuuma.

"Nipo," akasema.